Pampu ndogo ya upepo wa matairi kwa safari za kiangazi: nimeitumia, nawaambia

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama unajiandaa kwa safari ndefu ya gari msimu wa joto, umepakia watoto na mizigo, na pesa inatosha kifaa kimoja tu, nunua pampu ya upepo inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Friji ya kwenye gari itasubiri. Mapazia ya jua yatasubiri. Pampu kwanza. Ila usiinunue kwa sababu ile wanayoitangazia.

Matangazo yote yana picha moja: gari limesimama kando ya barabara, tairi limelala, dereva anatabasamu (sijui anatabasamia nini), anachomeka pampu, dakika mbili baadaye anaondoka. Hayo hutokea, lakini kwa nadra. Pancha ya kweli, ile ya msumari uliozama au ubavu uliochanika, pampu ndogo haiiwezi. Upepo unaingia huku unatokea kule. Kazi ya kifaa hiki inafanyika nyumbani, alfajiri, kabla gari halijatembea, matairi yakiwa baridi. Hapo ndipo kinapolipa bei yake, na jambo hilo hakuna boksi hata moja lililoliandika.

Kwa nini yawe baridi? Kwa sababu upepo ulio ndani ya tairi ukipata joto, presha inapanda. Tembea nusu saa barabara kuu, geji, yaani kipimo cha upepo, itakuonyesha psi (kizio cha presha) 4 hadi 6 zaidi ya zile za asubuhi na hakuna aliyeongeza kitu. Hata jua peke yake linatosha: kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi hewa inavyozidi kuwa na joto, tairi linaongeza kama psi 1. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi wanasema pima likiwa baridi, yaani gari limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu hivi.

Sasa angalia mambo yanavyokwenda kituo cha mafuta. Kituo kipo mbali, kuna foleni, unafika tairi limeshachemka. Mhudumu anapima anakuta 36. Kibandiko cha gari kinasema 33, basi kwa nia njema kabisa anakupunguzia 3. Kesho yake asubuhi tairi hilo lina 28, na wewe unaingia barabarani na familia nzima ukiwa na amani moyoni, maana si ulipima jana? Mhudumu hana kosa. Namba aliyopewa ni ya tairi baridi, tairi aliloletewa ni la moto.

Nimekitaja kibandiko, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu watu wengi hawakijui. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ambako mlango unafungia. Kuna karatasi ngumu au kibati kidogo chenye picha ya matairi na namba. Kwenye gari langu inasema 230 kPa mbele na nyuma, ambayo ni psi 33, kisha chini yake kuna mstari mwingine wenye picha ya watu na begi: mbele zilezile 230, nyuma 260, yaani karibu psi 38. Mstari huo wa pili ndio wa safari. Ukijaza buti mpaka kioo cha nyuma hakionekani, halafu ukaacha nyuma psi 33 kwa sababu ndiyo uliyoizoea ya kwenda kazini, matairi ya nyuma yanabeba uzito ambao hayakuandaliwa. Si kila gari lina mstari huo wa pili. Kama lako halina, angalia kitabu cha gari. Na ile namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi lenyewe, mara nyingi 44 au 51, hiyo ni presha ya juu kabisa ambayo tairi linaruhusiwa kujazwa. Haikuhusu unapojaza.

Shemeji yangu yeye hupima kwa teke. Asubuhi moja ya safari nimeinama na geji, akapita, akalipiga teke tairi la nyuma kushoto, akasema, "Shemeji, hilo liko ngangari, tutachelewa bure." Nikamwambia, "Shem, subiri basi nikuonyeshe." Geji ikasema 25. Hakujibu, akaenda kupanga mabegi. Simcheki sana, kwa sababu kwa macho hata mimi nisingeliona. Matairi ya siku hizi yana ubavu unaotuna kidogo hata yakiwa sawa, kwa hiyo linaweza kupungukiwa psi 8 na likasimama mbele yako kama halijapungua kitu. Teke linakuambia kitu kimoja tu, kwamba tairi lipo.

Upepo pungufu na joto ni mchanganyiko mbaya. Tairi lililolegea linajikunja ubavuni kila linapozunguka, na kwa mwendo wa barabara kuu linazunguka mara nyingi sana kwa dakika. Kila mkunjo unazaa joto. Mpira unapata moto, tabaka za ndani zinaanza kuachana, halafu kwenye lami ya saa nane mchana, gari limejaa, linapasuka bila hodi. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudishwa kwa matairi yake takriban milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya ajali nyingi za matairi kubanduka. Mabishano kuhusu chanzo yalikuwa marefu, lakini joto, mzigo na upepo mdogo vilikuwa katikati ya kesi. Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwa gari lile, Firestone yenyewe ikawa inasema 30. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari na matairi iitwayo TREAD, na matokeo yake ndiyo ile taa ya njano yenye alama ya mshangao ndani ya tairi, iliyolazimishwa kwenye magari mapya madogo ya huko kuanzia toleo la 2008.

Taa hiyo ni nzuri, naiheshimu, lakini watu wameigeuza kisingizio. Kiwango cha Marekani kinaitaka iwake upepo ukiwa umepungua asilimia 25 chini ya ule uliopendekezwa. Piga hesabu kwa tairi la 33: inawaka likishuka karibu na 25. Ukiwa na 27, na watu watano ndani, na mabegi, dashibodi iko kimya kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi sihitaji pampu, gari langu lina taa," namuuliza kama na mafuta husubiri mpaka taa iwake.

Haya, tuje kwenye kifaa chenyewe. Yangu ni ya kawaida: volti 12, wati 120, waya wa umeme mita tatu, mpira wa upepo mfupi wa kama urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, kioo kidogo cha namba, taa mbele, na kitufe cha kupanga presha unayotaka ili izime yenyewe. Chapa siitaji kwa sababu haina umuhimu; zipo nyingi za umbo hili na sifa hizi kwa majina tofauti. Boksini wameandika kwa herufi kubwa kwamba inafika psi 150. Maneno matupu. Gari lako linahitaji 33. Namba ya kutafuta ni lita kwa dakika, na ile huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi: yangu inadai 35. Hapo inahesabiwa ikipuliza hewani bila kizuizi, kwenye tairi lenye presha inapungua, lakini angalau ni namba inayoeleza kazi.

Kutoka 26 hadi 33 kwenye tairi la kawaida la gari dogo inachukua chini ya dakika mbili. Tairi lililolala kabisa ni kama dakika tano, pengine zaidi kidogo kwa gari lenye matairi manene. Kitabu kinasema isifanye kazi zaidi ya dakika 10 mfululizo kabla ya kupumzishwa, na hilo lifuate, maana mota ni ndogo na inapata moto kweli. Kwa kuongezea matairi manne yaliyopungua kidogo, hizo dakika 10 zinatosha. Kwa gari kubwa la kubeba watu tisa, au lile la kuvuta trela, hii si saizi yako, nitaeleza mbele.

Kuna ufundi kidogo kwenye kufunga. Kwanza kofia ya vali: ifungue, weka mfukoni. Ukiiweka chini itabingirika chini ya gari, ndivyo zilivyoumbwa. Kisha shika ncha ya shaba ya pampu, ielekeze sawasawa na mdomo wa vali, usiipindishe, anza kuzungusha. Ndani ya vali kuna kipini chembamba katikati. Vali hii ni ya Schrader, iliyopewa hataza mwaka 1893, na hadi leo ndiyo ileile karibu kila gari duniani. Ncha ikikigusa kipini, upepo unatoka kwa nguvu kwenye vidole, pssss, na hapa ndipo wanaoanza hushtuka wakaachia. Usiachie. Kaza haraka, mizunguko miwili zaidi, sauti inakufa, namba inatokea kwenye kioo. Kufungua ni kinyume chake, na hapo hapana ujanja, utapoteza kama psi 1. Kuna pampu zenye klipu ya kubana badala ya kuzungusha. Ni za haraka, lakini klipu ya plastiki ikishalegea inaruka katikati ya kazi. Nabaki na ya kuzungusha.

Tahadhari: ukifika tairi la tatu, ile shaba imepata moto kiasi cha kukuunguza vidole. Hewa ikibanwa inapata joto, na joto lote linapitia pale. Naweka kitambaa kizito kwenye mfuko wa pampu kwa ajili hiyo tu. Watengenezaji wangeweza kuweka kifuniko cha mpira kwa senti chache, hawakuweka, na hilo ni lalamiko langu la kwanza.

La pili ni geji. Pampu ikiwa inafanya kazi, namba kwenye kioo si ya tairi. Ni ya upepo unaosukumwa kwenye mpira, na huwa juu kidogo. Ukiipanga izime kwenye 33, itazima 33, kisha taratibu utaona 32, wakati mwingine chini ya hapo. Mimi naipanga 35, nafungua, halafu napima na geji nyingine ya mkononi, ile ya mshale, ndogo, isiyo na betri. Ikizidi nabonyeza kipini kidogo hadi iwe sawa. Naomba sana, pampu isikufanye uache kununua geji ya pekee. Geji ya ndani ya pampu ni makadirio, na kuongeza kisha kupunguza ni bora kuliko kubahatisha. Tena ukiwa na geji moja unayoiamini, unapata kitu cha thamani zaidi: kumbukumbu. Tairi moja likipungua psi 3 huku mengine matatu yametulia, kuna pancha ya polepole. Paka maji ya sabuni kwenye vali na juu ya tairi, subiri povu. Ukishaliona povu peleka kwa fundi wiki moja kabla ya safari, si asubuhi ya safari.

La tatu ni kelele. Inaunguruma kama mashine ya kusaga, na alfajiri mtaa mzima utajua unasafiri. Hakuna dawa. Niliyoizoea ni kufanya kazi hii jioni ya siku moja kabla, gari likiwa limepoa tangu mchana na mizigo mizito imeshaingia, kisha asubuhi napitisha geji tu kuthibitisha.

Waya nao. Mita tatu zinasikika nyingi mpaka tundu la umeme liwe mbele na tairi liwe nyuma upande wa pili. Inafika kwa kuvuta, kwa kupitisha dirishani na kuiweka pampu juu ya tofali. Kama gari lako ni refu, pima kwanza kwa kamba kutoka kwenye tundu hadi vali ya mbali zaidi, ongeza nusu mita, ndipo uende dukani. Magari yenye tundu la pili kwenye buti yamebarikiwa.

Kuhusu umeme, hesabu ni rahisi na inafaa kujulikana. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Pampu ya wati 120 kwenye volti 12 inakula ampea 10. Tundu la sigara kwa kawaida lina fyuzi ya 10, 15 au 20. Yangu ni 15, kwa hiyo niko salama. Shemeji, baada ya lile la teke, alikwenda kununua pampu ya kwake, na kwa kuwa yeye hapendi kitu kidogo akachukua ya wati 240 na adapta ya tundu la sigara. Ampea 20. Fyuzi iliungua tairi la kwanza, na kwa kuwa fyuzi hiyohiyo ilikuwa inalisha chaja, simu ya ramani ikafa nayo. Pampu za ukubwa huo hufungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kwa vibanio, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, na ndizo zinazofaa magari makubwa. Lakini kwa vyovyote, washa injini unapopampu ili usimalize betri, na gari liwe nje kwenye hewa. Ndani ya banda lililofungwa moshi wa injini una kaboni monoksidi, haionekani, hainuki, na inaua.

Kuna kazi moja ambayo peke yake inatosha kuinunua pampu hii, nayo ni spea. Tairi la akiba linakaa chini ya buti kimya kwa miaka. Siku unalitoa ndiyo siku unagundua limelala, na jeki imeshanyanyua gari. Kwenye magari mengi ni lile jembamba la muda, na upepo wake si 33: ni psi 60, yaani 420 kPa, imeandikwa ubavuni, pamoja na onyo la kutozidi kilomita 80 kwa saa. Mpira wa pampu yangu unaingia mpaka pale lilipo bila kulitoa, ila lazima uondoe zulia na mabegi, ndiyo maana hili ndilo la kwanza kabla ya kupakia. Kufika 60 kunaichosha pampu. Ikianza kunuka moto, izime, ipumzike, endelea.

Magari mapya mengi hata spea hayana. Yamepewa chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo ya kiwandani. Kama ni lako, soma tarehe kwenye chupa, kwa sababu dawa hiyo ina mwisho wake, na ujue inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara, si mpasuko wa ubavuni. Pampu ya kiwandani mara nyingi inatosha kazi niliyoieleza hapa, kwa hiyo wewe huna haja ya kununua nyingine. Umeokoa pesa, nunua geji.

Na tairi lililotembezwa likiwa limelala, hata kwa umbali mdogo, usilijaze ukaendelea na safari. Ubavu wake umeshasagika kwa ndani na hauonekani. Litoe, fundi alikague.

Kuna mambo ambayo pampu hii haiyaoni na hayakwepeki. Umri wa tairi, kwa mfano. Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo zimegeukia upande wa ndani na itabidi uinamie na tochi. Mpira unazeeka hata ukikaa tu, unapasuka mistari midogo kama nywele kwenye ubavu, na tairi la namna hiyo ukilijaza vizuri bado ni tairi la zamani. Mifereji nayo ina alama ndogo za mpira ulioinuka chini ya mfereji. Tairi likiisha mpaka kusawazika nazo, zimebaki milimita 1.6, na hapo ni kipara, badilisha. Likiwa limelika pande mbili za nje kuliko katikati, lilikuwa na upepo pungufu muda mrefu. Likiwa limelika katikati, upepo ulizidi.

Mengine ya safari nayapitia haraka kwa kuwa hii si makala ya gari zima. Maji ya rejeta: tazama chupa ya akiba injini ikiwa baridi, yawe kati ya alama mbili, na kifuniko cha rejeta usikifungue kikiwa na moto kwa sababu yoyote ile, ndani kuna presha na maji yaliyopita kiwango cha kuchemka. Betri: watu hudhani inakufa kwa baridi, kumbe joto ndilo linaloila; pampu nyingi zenye kioo, yangu ikiwemo, huonyesha volti zikichomekwa, na kama injini imezimwa tangu usiku na inasoma karibu 12.6 betri imejaa, ikisoma chini ya 12.2 mpe fundi aipime. Injini ikiwaka itasoma karibu 14, ndiyo alternata, inayochaji betri, inafanya kazi. Sikutegemea kupata hilo kwenye pampu, na limeshanisaidia kuliko ile taa yao ya rangi tatu ya dharura, ambayo mwanga wake haufiki hata kwenye bampa.

Nimeulizwa sana kuhusu zile zisizo na waya, zenye betri ya ndani ya lithiamu. Ni nyepesi, kelele kidogo, hazina habari ya mita tatu wala tofali. Nimeazima moja na kwa matumizi ya nyumbani ningeichukua. Kwa safari ya kiangazi, hapana. Gari lililofungwa juani linaweza kufika nyuzi 60, kwenye dashibodi zaidi, na betri ya lithiamu haipendi joto hilo hata kidogo. Inapungua uwezo, na ikiwa ya ubora wa chini ni hatari. Utalazimika kuitoa kila unapoegesha, na ukiisahau kuichaji ni chuma tu. Ya waya inakaa kwenye buti mwaka mzima bila kuombwa kitu, na ilimradi gari linawaka, nayo inawaka.

Nimeipa nyota nne. Ya tano imekwenda na ile shaba ya moto na waya. Ukienda dukani, omba waifungue boksi: vuta waya wote uone urefu, kunja mpira wa upepo pale unapoungana na pampu uone kama una pingili ya kuuzuia usikatike, maana ndipo zinapofia, na hakikisha kuna fyuzi ndani ya kichwa cha plagi. Yangu ilikuwa nayo, imefichwa chini ya kile kikofia cha ncha kinachozungushwa kwa mkono.